Kidonge Changu na Kisu Chake

Watu wa Kosele walikuwa wamekwisha kuniua kabla daktari yeyote hajanipima. Miaka ile ya tisini, ukikonda huku kwetu hakuna aliyekuuliza unaumwa nini. Walijua tayari: ni ukimwi. Nilikuwa nimestaafu ualimu, nimerudi nyumbani kulima mahindi na mihogo, na mgongo ukaanza kuniuma kwa namna nisiyoijua. Hayakuwa maumivu ya jembe. Yalikaa ndani ya mfupa kama mtu aliyehamia, na kila nilipojigeuza kitandani yakajigeuza nami. Nguo zikaanza kunipwaya. Nikipita sokoni, watu niliowafundisha kusoma wananisalimia kwa mbali, mkono hawatoi.

Shemeji yangu alikuja na lake. Akasema hii ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko, kwa sababu nilijenga nyumba kabla ya kaka yangu mkubwa. Halafu wakaja watu wa kanisa kuniombea, na nikiwasikiliza nikatambua kwamba wananiaga. Walipoanza wimbo ambao sisi huuimba makaburini, mke wangu alitoka jikoni, akasimama mlangoni akijifuta mikono.

"Huo mtamwimbia akifa," alisema. "Leo bado anakula."

Wakauacha wimbo. Nilimpenda sana siku hiyo, na niliwachukia wale wengine wote, na sioni haya kuliandika.

Siku mkojo ulipoziba kabisa, nilipelekwa Homa Bay, kwenye hospitali ya misheni ambayo sitaitaja. Waliniwekea mpira, mkojo ukatoka, nikalia kwa raha kama mtoto. Daktari wa pale alikuwa sista, mtawa mwenye mikono midogo na sauti kali. Aliniambia atanipima kwa kidole, na kidole kitapita wapi. Nilifikiri nimesikia vibaya. Mimi, mzee mwenye wajukuu, na yeye, mwanamke wa Mungu. Akavaa glavu, akafanya, akamaliza, akaniambia nivae.

"Tezi dume yako ni ngumu kama jiwe," alisema. "Sipendi hivyo."

Wakakata kipande kidogo, wakakipeleka Nairobi pamoja na damu yangu. Wakapiga picha za mifupa. Majibu yaliporudi sista alinikalisha, akamwita mke wangu naye akae, akasema bila kuzunguka kwamba ni kansa, na kwamba imeshafika uti wa mgongo na nyonga. Haiponi tena. Ila inaweza kutulizwa, akasema, na kuna daktari mpasuaji anayekuja kutoka Nairobi kila mwezi, ana utafiti wa dawa mpya. Niende nimsikilize.

Tulikutana chumbani wanaume kadhaa, wote wazee, wengine na mipira yao ya mkojo chini ya kanzu na makoti. Karibu wote tulikuwa Wajaluo. Mmoja tu alikaa peke yake karibu na dirisha, mrefu, masikio yametobolewa na kuvutwa kwa mtindo wa zamani, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa Mkuria, mfugaji na mkulima wa tumbaku, ametoka upande wa Kehancha, mbali na pale. Kati ya watu wake na wangu hakujawa na mapenzi makubwa, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi kwenye benchi.

Mpasuaji alikuwa mtu nadhifu, mwenye umri wa mwanangu wa kwanza. Alisema kwa Kiingereza, na muuguzi akatafsiri kwa Dholuo. Yule Mkuria hakuelewa hiki wala kile. Akainua fimbo kidogo.

"Samahani. Kuna mtu hapa anaongea Kiswahili?"

Muuguzi, aliyekuwa na kazi ya Dholuo tayari, alinitazama mimi kwa sababu alijua nilikuwa mwalimu. Basi nikawa mkalimani. Mpasuaji alieleza kwamba kansa hii inalishwa na homoni ya kiume. Ukiizuia homoni, kansa inalala njaa. Njia ya zamani, inayojulikana, ni upasuaji mdogo wa kuondoa chanzo cha homoni. Njia mpya ni kidonge cha kila siku kinachozuia homoni bila kumkata mtu, kimetengenezwa na kampuni moja ya ng'ambo. Ipi bora, hawajui. Ndiyo sababu wanajaribu, hapa na nchi nyingine.

Nikasema hayo yote kwa Kiswahili, neno kwa neno.

"Chanzo cha homoni kiko wapi?" Mkuria aliuliza.

Nikauliza. Mpasuaji akamwangalia muuguzi, muuguzi akaangalia sakafu.

"Ni sehemu za chini," alisema mpasuaji, sasa kwa Kiswahili.

"Chini wapi? Miguu nayo iko chini."

"Korodani, mzee."

"Basi semeni hivyo." Aliweka fimbo sakafuni. "Mnataka kunifanya maksai."

Hakuna aliyecheka. Wanaume wawili walisimama wakatoka, hawakurudi tena. Nilihisi damu ikinipanda, si kwa sababu ya neno lile, bali kwa sababu tulikuwa tumekaa pale muda wote, watu wazima, tumeambiwa habari za chanzo na njia na homoni, na ilibidi mfugaji kutoka Kehancha adai tuambiwe kinachokatwa ni nini. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

Mkuria yeye hakutoka. Baadaye, tukiwa nje tunangoja kuitwa, nilimuuliza kwa nini amebaki.

"Mwalimu, mimi nimelima na maksai maisha yangu yote. Maksai anaishi, anakula, ana nguvu. Dume ndilo linauawa mapema, kwa sababu ya ukorofi." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Nina mtoto wa mwisho hajatahiriwa. Mimi baba yake nikifa sasa, nani atasimama naye? Lakini hiyo ninyi Wajaluo hamwezi kuelewa."

"Sisi tuling'oa meno ya chini badala ya kutahiri, tukaona inatosha," nilimwambia.

Alicheka mpaka akashika mgongo kwa maumivu. Ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Kilichoamua ni bahasha. Mpasuaji alieleza kwamba yeye mwenyewe haruhusiwi kuchagua, wala sisi. Bahasha zimefungwa Nairobi, na kila mmoja atapata iliyo yake. Ya rafiki yangu ilifunguliwa, ikawa kisu. Yangu ikawa kidonge. Rafiki yangu alinishika bega akasema nimepata bahati, na mimi nikaamini. Njiani mke wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hatukuwahi kufanya tangu tuoane.

Na ni kweli, mwanzoni ilikuwa bahati. Baada ya wiki chache maumivu yalipungua kama mvua inavyopungua, hujui imekatika saa ngapi. Nikaweza kuinama, nikaenda shambani, uzito ukarudi. Wale waliokuwa hawanipi mkono wakaanza kunipa. Shemeji yangu akadai ni kwa sababu ya jogoo aliyemchinja. Nilimwacha na jogoo wake.

Kisha, msimu wa palizi, matiti yangu yakaanza kuota.

Yalianza kama vidonda chini ya chuchu, vinauma hata shati likigusa. Halafu yakavimba, yakajaa. Nilikuwa mtu mwembamba, na kwa mtu mwembamba hakuna pa kuyaficha. Nikawa navaa koti kwenye jua kali. Mke wangu alinishonea fulana nene ya kubana. Alipokuwa akinipima kwa uzi wake, alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha, akaendelea kupima. Siku moja nikinunua chumvi, kijana mmoja niliyemfundisha alinitazama kifuani, macho yakakwama pale, akashindwa kuyatoa. Nilimuuliza kama bado hajajifunza kumtazama mtu usoni. Sauti yangu ilisikika soko zima.

Safari iliyofuata Homa Bay, nilifungua vifungo mbele ya mpasuaji.

"Ulijua hii?"

"Inatokea kwa wengine," alisema. "Ni jambo dogo, mzee. Halina hatari."

"Dogo kwa nani?"

Akaendelea kuandika.

Rafiki yangu alikuwa na yake. Tangu akatwe, joto lilikuwa linampanda ghafla kutoka tumboni hadi kichwani, kama mwanamke anayekoma hedhi, na jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Alikuwa anavua shati popote alipo na kujipepea nalo. Alinenepa makalio. Lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka, na alikuwa anatembea bila fimbo. Tukimaliza kupimwa, tulikuwa tunakaa kwenye ukuta mfupi nyuma ya hospitali, chini yetu ghuba imefunikwa magugu maji, kijani kibichi mpaka ungedhani ng'ombe wanaweza kulishwa pale. Mimi na koti langu, yeye kifua wazi. Alisema tukisimama pamoja, mtu hajui yupi mume yupi mke. Ni yeye peke yake duniani aliyeweza kuniambia neno kama hilo nisimchukie.

Mara nyingine alikuwepo mvuvi mmoja wa Kendu Bay, mtu wa maneno machache, naye wa kidonge kama mimi. Alikuwa akiinua fulana yake, mimi nainua yangu, tunatikisa vichwa.

Hivyo ukapita mwaka na zaidi. Halafu mpasuaji akaanza kukosa. Mwezi mmoja gari limeharibika, mwezi mwingine mkutano. Vidonge vilikuja, muuguzi akatupa, tukarudi makwetu. Mvuvi wa Kendu Bay akaacha kuja, tukasikia miguu imekufa ganzi, halafu tukasikia amezikwa. Na mimi, baada ya mavuno, nyonga ikaanza tena. Niliyatambua maumivu yale kama unavyotambua hatua za mtu unayemwogopa.

Nilikwenda hospitalini siku isiyo ya kliniki. Sista alikuwa safarini, akanipokea daktari kijana aliyekuwa ameletwa karibuni. Aliangalia vidonge vyangu, akavigeuzageuza.

"Bado unakunywa hivi peke yake?"

"Ndiyo. Niko kwenye utafiti."

"Mzee, utafiti huo ulifungwa."

Nilimwambia arudie. Akarudia polepole, akidhani sisikii. Ulifungwa kwa sababu majibu yalionekana. Wale ambao kansa imefika mifupani, waliopewa kidonge peke yake walikuwa wanakufa mapema kuliko waliokatwa. Si kwa mbali sana, akasema, lakini ilitosha. Kwingine wagonjwa wa kidonge waliitwa, wakaelezwa, wakapewa nafasi ya kukatwa au kudungwa sindano ya kuzuia homoni. Yeye alisikia akiwa bado Nairobi, kabla ya kuhamishwa. Alidhani huku sote tumeambiwa.

"Lini?" niliuliza.

"Lini nini?"

"Ulisikia lini?"

Alifikiri. "Kabla ya mvua ndefu za mwaka huu."

Mimi nilipanda na mvua zile. Nilipalilia, nikavuna, na kila asubuhi katika siku hizo zote nilimeza kidonge na maji ya uvuguvugu ambayo mke wangu aliniletea kwa mikono miwili kama sakramenti. Sikumpigia kijana yule kelele. Hakuwa na kosa. Ndiye peke yake aliyenieleza. Nilishuka mpaka ukingoni mwa maji, nikasimama, na kama mtu angenisemesha wakati ule sijui ningemfanya nini. Kansa sikuikasirikia. Kansa haijui kusoma. Nilimkasirikia mtu anayejua kusoma, aliyesoma, akafunga kinywa.

Huko Migori kulikuwa na mfanyabiashara Mwislamu, mtu wa Pwani, mwenye duka la nguo na simu. Wafugaji wa Kehancha walikuwa wakiachiwa ujumbe kwake siku za mnada. Nilipiga, nikamwomba amwambie rafiki yangu aje Homa Bay siku ya kliniki ijayo, awe mpasuaji amekuja au hakuja. Nilikwenda pia Kendu Bay kwa mjane wa mvuvi. Nilimkuta anaanika omena, dagaa wa ziwani. Nikamweleza, kwa Dholuo, vile daktari kijana alivyonieleza. Alisikiliza akiwa ameinama, akiendelea kutandaza, kisha akaniuliza kliniki ni siku gani.

Siku hiyo mpasuaji alikuja. Tulimngoja kwenye chumba kile kile, sisi tuliobaki wa kidonge, mjane, mke wangu, na rafiki yangu Mkuria ambaye haikumhusu, kisu chake kilikuwa kimemfaa. Sista naye aliingia akasimama ukutani. Hata yeye hakuwa ameambiwa, niliona usoni.

Niliongea mimi. Nilimuuliza mpasuaji kama ni kweli, akasema ni kweli. Nilimuuliza kwa nini hatukuambiwa. Akasema alikuwa anangoja maelekezo rasmi ya kampuni. Akasema gari. Akasema, na hapa alishusha sauti, "Hatukutaka kuwashtua wazee."

"Kuwashtua," rafiki yangu alirudia. "Ng'ombe wangu akiwa mgonjwa, daktari wa mifugo ananiambia. Haogopi kunishtua."

Mjane alisimama. Alikuwa amejifunga leso nyeusi. Alisema kwa Dholuo, na mimi nikatafsiri ingawa mpasuaji angeweza kumwomba muuguzi.

"Mume wangu mngemwambia, angekubali kukatwa."

"Mama, pole sana. Huenda hata hivyo asingepona," alisema mpasuaji. "Ugonjwa wake ulikuwa umeenea sana."

Nikatafsiri. Mjane alitikisa kichwa.

"Sikuuliza kama angepona. Nimeuliza kama mlijua na yeye hakujua."

Mpasuaji aliangalia mikono yake. Nilingoja aseme huenda, au inategemea, au chanzo. Nilikuwa nimejiandaa, na Mungu anisamehe, ningemrukia.

"Tulijua," alisema.

Mjane akakaa. Sista akatoka ukutani akauliza nani kati yetu yuko tayari kukatwa wiki hiyo. Mimi niliinua mkono. Nilisema nitakatwa na yeye sista, si na mwingine.

Sitasema mengi juu ya upasuaji. Ulikuwa mfupi. Mke wangu aliulizwa kama amekubali, naye akamwambia sista kwamba aliolewa na mtu, hakuolewa na makende, akatoka nje akalia alikodhani simsikii. Rafiki yangu hakurudi kwake. Alilala kwa jamaa wa muuguzi, kila siku akaja kukaa kando ya kitanda changu, akawaambia wote wodini kwamba ameleta Mjaluo kutahiriwa ila sista amekosea mahali. Joto liliponipanda mara ya kwanza, alinivua shati yeye mwenyewe, akanipepea.

Maumivu ya nyonga yalipungua, ingawa hayakuisha kama mwanzo. Sista alisema muda uliopotea haurudishwi kwa kisu, na sitaki mtu anidanganye kwamba haukupotea. Matiti yamebaki. Nimezoea koti.

Miezi ilipita, na siku moja mpasuaji alikuja nyumbani kwangu Kosele, peke yake, gari akaliacha barabarani. Mke wangu alimpa kiti na chai. Alisema ameuacha ule utafiti na kampuni ile, na kwamba amekuja kuniomba msamaha. Alisema vizuri. Bila shaka alikuwa amejipanga njia nzima.

Nilimwambia mimi bado niko hai, kwa hiyo naweza kungoja. Aanzie Kendu Bay.

"Sijui nyumba," alisema.

"Mimi naijua."

Nilivaa koti, tukaenda. Mjane alitukaribisha ndani kwa heshima ya mgeni. Mpasuaji alipomaliza kusema, nami nimemaliza kutafsiri, mjane alisema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Badala yake alianza kumsimulia jinsi mumewe alivyokufa. Alianza na siku miguu ilipokataa, pale ufuoni, wenzake wakambeba na suruali imelowa. Akaendelea na vidonda vya mgongoni. Harufu. Jinsi alivyokuwa akiomba kidonge chake kila asubuhi hata aliposhindwa kumeza maji, kwa sababu aliamini. Nilitafsiri kila neno. Mpasuaji alifika mahali akataka kusimama, nikaweka mkono wangu gotini pake, akakaa. Mjane hakuharakisha. Alisimulia mpaka mazishi, mpaka waliokuja na wasiokuja, kisha akaondoa vikombe.

Kwenye gari, karibu na Kosele, mpasuaji aliniuliza kama bado ninaumwa.

"Ninaumwa," nilisema, na nikamwonyesha pa kunishushia.